Nati Iliyozungushwa

Mara ya kwanza gari liliponikatalia, nilikuwa katikati ya barabara ya Likasi, kwenye upande usio wangu, na lori la kontena lilikuwa linanijia usoni likiwasha na kuzima taa.

Nieleze vizuri, maana watu wengi siku hizi wanaendesha bila kujua nini kinatendeka chini ya miguu yao. Gari langu ni la Kijerumani, la zamani kuliko binti yangu wa kwanza, lenye rangi ya maziwa yaliyolala, na gia zake ni za otomatiki. Gari la namna hiyo hujichagulia gia lenyewe. Ukitaka kulipita lori, unakanyaga pedali ya mafuta mpaka mwisho, na giaboksi, ambayo sisi wa Lubumbashi tunaiita bwati, kama tunavyoliita gari mutuka, inaelewa kwamba una haraka. Inashusha gia moja, injini inapiga kelele, unasukumwa kwenye kiti, na lori linabaki nyuma yako. Nimefanya hivyo miaka mingi bila kufikiri. Siku ile nilitoka nyuma ya lori la shaba penye mwinuko, nikakanyaga mpaka mwisho, na gari likaguna tu. Halikushusha kitu. Lilijikokota katika gia ileile, sambamba na magurudumu ya lori, nami sikuwa na la kufanya ila kuyatazama yakizunguka.

Nilifunga breki nikarudi nyuma ya lori kwa nafasi ya kiganja. Lile la kontena lilipita likipiga honi ambayo niliisikia masikioni mpaka Likasi. Nilisimama pembeni, nikazima injini. Nikajitukana. Nikalitukana gari. Nikamtukana na marehemu mume wangu aliyelinunua, halafu nikamwomba msamaha, maana yeye hakuwa na kosa lolote.

Kisha nikaendelea polepole mpaka Kambove, kwa dada yangu. Nilimwogesha, nikapika, nikala naye. Sikumwambia neno.

Dada yangu ni mkubwa wangu, kwa hiyo namwita Yaya. Sukari imemla mguu mmoja. Anakaa Kambove katika nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi, hataki kuhama, maana mumewe amezikwa pale na yeye anasema hawezi kumwacha mtu aliyemzoea. Kila Ijumaa ya pili nilikuwa namwendea. Namwogesha, namshonea kilichochanika, tunagombana juu ya nani alivunja chungu cha mama yetu. Mama yetu hayupo, baba hayupo, ndugu wengine wote wameshatangulia. Nikitaka kusema juu ya sauti ya mama yangu akiita kuku jioni, hapa duniani amebaki mtu mmoja tu ambaye ataniambia, ndiyo, njo vile alikuwa anaita. Gari lile halikuwa urembo kwangu. Lilikuwa njia ya kumfikia mtu huyo.

Habari ya lori sikumwambia mtu yeyote. Niliwajua watoto wangu. Ningewapa neno hilo moja, wangenificha funguo siku hiyohiyo.

Lakini nililipeleka gari kwa fundi wetu, nikamwambia tu kwamba halishushi gia. Nasema fundi wetu kama watu wanavyosema padri wetu. Mjini kwetu familia yenye gari kuukuu ina fundi wake, na fundi huyo habadilishwi ovyo, kama vile hubadilishi mjomba. Huyu aliingia kwetu nikiwa na mimba ya mtoto wa pili. Amekula mezani kwangu mara nisizoweza kukumbuka. Mume wangu alipofariki, alikaa na wanaume wa familia kwenye matanga tangu siku ya kwanza mpaka tulipoyaondoa, akiwa na shati lilelile. Angeniambia injini inataka mishumaa ya kanisani, ningeenda kununua mishumaa. Tena gari lilikuwa limetoka mikononi mwake wiki ileile kwa kubadilishwa oili ya injini, kwa hiyo nilijua kwamba kama kuna mtu anayeijua hali yake, ni yeye.

Alikaa nalo siku mbili. Nilipokwenda kulichukua, alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa, anaifuta sana, kidole kwa kidole.

"Mama," akasema, "bwati imezeeka. Kule ndani bipande bimekwisha. Piesi yake haipatikane tena, ata ku Zambia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo uende paka tu mu ville, ku soko, ku misa. Pale itafika. Lakini Kambove, hapana. Ile barabara ya malori, hapana."

Alikuwa anatazama kile kitambaa. Nilidhani analihurumia gari, na mimi nikamhurumia yeye. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Jumapili iliyofuata binti yangu wa kwanza alikuja kula kwangu. Huyu ndiye ninayemtegemea. Wadogo zake wana maneno mengi, yeye ana mikono. Alikuwa anakata bukari, ugali wetu, akasema kwa upole, bila kuniangalia:

"Mama, pengine haiko mutuka. Pengine ni muguu yako. Daktari alisema juu ya magoti. Pengine uko nakanyaga, lakini haufikishe mpaka chini."

Neno hilo liliniingia vibaya kuliko honi ya lori. Mimi ni mshonaji. Nimekanyaga pedali ya cherehani maisha yangu yote. Nimewashonea maharusi wa mji huu na mama zao, na mguu wangu ndio ulionilisha. Kesho yake asubuhi nilikaa kwenye mashine, nikaanza kukanyaga kama mtu anayefanya mtihani. Niliusikiliza mguu. Nilikanyaga ukuta wa jikoni nikiwa nimekaa kwenye kiti, nikajaribu kuona kama chokaa itamomonyoka. Mtu angenikuta angeita jirani. Siku nyingine nilishawishika kwamba mguu ni mzima, siku nyingine niliona kweli umelegea. Ukianza kuushuku mwili wako, unaacha kuuamini hata pale unaposema kweli.

Basi nikaacha kuendesha barabara ya Likasi. Miezi minne. Nilikwenda Kambove kwa basi mara mbili. Unabadilisha Likasi, unangoja gari lijae, unafika saa ambayo mtu mwenye akili angekuwa anarudi. Mara ya pili goti lilivimba siku tatu. Baada ya hapo nilikuwa naongea na Yaya kwa simu tu, na yeye kwenye simu si mtu wa maneno. Anasema ndiyo, anasema hapana, anasema Mungu asaidie, anakata.

Wakati huohuo nyumba yangu ilijaa. Binti yangu alianza kuniletea wanawe watatu wakitoka shule, halafu kabla ya shule, halafu na siku za Ijumaa zote. "Mama, si uko tu hapa," alikuwa anasema. Nilikuwa hapo kweli. Nilipika, nikafua kaptula, nikapatanisha ugomvi wa penseli. Nawapenda wale watoto. Lakini kuna mapenzi unayotoa mwenyewe, na kuna yale unayokuta umeshatolewa bila kuulizwa, na haya ya pili yanachosha mgongo.

Kisha binti yangu akaja na mnunuzi. Alikuwa bwana mmoja mstaarabu anayekodisha magari ya zamani kwa harusi za Jumamosi. Alilizunguka gari langu, akafungua milango, akapapasa viti. Nikamwambia wazi kwamba halishushi gia.

"Mama, haina shida," akajibu. "Bibi-harusi hakimbie."

Alicheka, na binti yangu akacheka naye. Mimi nililiona gari la mume wangu limefungwa riboni na maua ya plastiki, likitembea mwendo wa konokono mbele ya tarumbeta. Nikamwambia arudi Jumamosi. Nilisema nataka kuliosha kwanza. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekata shauri: siwezi kuuza mgonjwa ambaye sijui anaumwa nini.

Alhamisi asubuhi watoto walikuwa shuleni. Nilivaa kanga kuukuu, nikafungua boneti.

Sikuwa mgeni kabisa mahali pale. Jumamosi nyingi za ndoa yangu nilizimaliza nikimshikia mume wangu tochi, naye akinieleza kila kitu kwa sauti ya mwalimu hata nisipotaka. Nilianza na oili ya bwati, kama alivyokuwa anaanza yeye. Nililiwasha gari nikalizungusha mitaani mpaka likapata moto, nikalirudisha pale uani penye sakafu sawa, nikaacha injini inanguruma, nikachomoa kile kijiti cha kupimia. Nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili ilifika palipotakiwa. Lakini rangi yake haikuwa ile nyekundu ya sharubati niliyoizoea. Ilikuwa imeanza kuwa ya chai. Nikainusa. Ilinuka moto kidogo, kama pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa.

Hapo nilikaribia kuacha. Nilisema, basi, fundi alisema kweli, ndani kumekwisha. Nikaangalia mpira mwembamba unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bwati kuvuta hewa. Nikauchomoa, nikaweka kidole, ukaninyonya vizuri, hauna ufa. Nikaurudisha.

Ilibaki kebo. Kebo hiyo inatoka kwenye mtambo wa pedali ya mafuta na kushuka hadi kwenye bwati. Ndiyo inayopeleka habari. Mguu unasema, kebo inabeba, bwati inasikia. Nilizima injini. Sikuwa na mtu wa kunikanyagia, nikachukua mti wa fagio, nikaubana kati ya kiti na pedali mpaka pedali ikalala chini kabisa. Nikaenda mbele kuangalia.

Mtambo wa mafuta ulikuwa umefunguka wote. Kebo ilikuwa imelegea kama kamba ya kuanikia nguo.

Nilisimama pale na mikono yangu yenye grisi. Mshonaji anajua kitu hiki. Mashine ikiruka mshono, hununui mashine nyingine. Unatafuta mahali uzi ulipolegea. Mguu wangu ulikuwa mzima. Miezi minne mguu wangu ulikuwa unasema na hakuna aliyekuwa anapeleka habari. Nilifurahi, nakiri, nilifurahi hata nikapiga kigelegele kidogo peke yangu uani, na jirani akauliza ukutani kuna nini.

Furaha hiyo haikudumu. Kebo inashikwa na nati mbili zilizobanwa pamoja, ili isilegee yenyewe. Nilichukua kitambaa nikafuta vumbi na grisi kutafuta pa kukazia, na chini ya uchafu nikaona rangi nyekundu. Rangi ya kucha. Yangu.

Mume wangu hakuwa mtu wa kuamini watu. Mjini kwetu wengi wanaweka alama kwenye vyuma vya gari kabla ya kuliacha gereji, wasije wakarudishiwa betri ya mtu mwingine. Yeye alizidi. Alichukua kichupa changu cha verni, yaani rangi ya kucha, kile nilichonunua kwa harusi ya mdogo wake, akapaka kila kitu, na kwenye zile nati akapiga mstari mmoja ulionyooka, unaovuka nati zote mbili mpaka kwenye chuma kilichozishika. "Mustari ikikatika," aliniambia, "ujue kuna mutu alipita hapa." Niligombana naye juu ya kichupa kile wiki nzima.

Mstari ulikuwa umekatika. Kipande kimoja kilikuwa kwenye chuma, palepale alipokiacha. Kipande cha nati kilikuwa kimegeukia upande wa pili. Na nati zilikuwa zimebanwa kwa nguvu, kwa spana, kwa mkono wa mtu anayejua kazi. Mtikisiko wa barabara haufanyi hivyo. Mtu alizilegeza, akazizungusha, akazikaza tena mahali pabaya kwa makusudi.

Na mkono uliogusa injini ile ulikuwa mmoja tu.

Nilikwenda mtaa wa Katuba kwa fundi nikiwa na kanga ileile, na kitambaa nilichopangusia oili nimekikunja mkononi. Alikuwa chini ya bati lake, ameinama ndani ya injini ya mtu.

"Papa, nani alizungusha nati ya kebo?"

"Nati gani, mama?"

"Ile yenye bwana yangu alitia verni."

Alitoa kichwa ndani ya injini. Akaweka spana chini polepole.

"Nilisahau verni," akasema.

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, nimeyapanga njiani. Yote yaliniishia. Sikutegemea kwamba mtu aliyelala kwenye matanga ya mume wangu atakuwa na majuto ya aina hiyo, majuto ya mtu aliyesahau kufuta alama.

"Sikuaribu kintu, mama," akaendelea. "Nililegeza tu. Bana bako njo balikuya kuniomba. Bote batatu. Balisema, 'Mutuka ikimuua mama yetu, na wewe papa ulikuwa unaweza kuisimamisha, damu itakuwa ku mikono yako.' Ningefanya namna gani?"

"Ungeniambia."

"Balisema nisikuambie."

"Na mimi nilikuwa nani hapa?"

Nikamnyooshea kile kitambaa, nikamwambia anuse. Akanusa, na uso wake ukabadilika. Akanusa tena. Kebo ikilegea, bwati inafanya kazi bila nguvu ya kutosha, inateleza ndani kwa ndani, inajichoma. Alijua hivyo kabla yangu. Alikuwa amesema bwati imekwisha ikiwa nzima, na sasa kwa mkono wake uongo ule ulikuwa umeanza kuwa kweli. Nilimwona akiionea bwati huruma ambayo hakunionea mimi. Akaniomba aje aikaze mwenyewe, abadilishe na oili. Nikamwambia asiliguse gari langu tena maisha yake yote.

Binti yangu alikuja saa kumi kuchukua wanawe. Niliwatuma watoto kwa jirani. Nikamwambia akae. Hakukaa.

"Ni fundi aliongea," akasema.

"Ni nati iliongea. Mulikutana wapi?"

Walikutana kwa mdogo wake wa kiume, Jumapili, baada ya misa. Wote, na wake na waume zao. Nilikumbuka Jumapili ile. Waliniambia kuna mkutano wa kwaya. Walikuwa wamekaa sebuleni, wananijadili kama shamba la urithi, wakakubaliana kwamba kunikataza hakutasaidia maana nina kichwa kigumu, afadhali gari lichoke lenyewe, mama ataliacha bila ugomvi. Walinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, familia nzima, na hakuna hata mmoja aliyesema hapana.

"Na muguu?" nikamwuliza. "Ile maneno ya muguu, nani alikutuma?"

Akauvuta mkoba wake begani.

"Ulinifanya nijaribu muguu yangu ku ukuta. Unajua? Kila asubui. Nilikuwa nakanyaga ukuta kama mwendawazimu."

"Mama, tulikuwa naogopa. Na tena, kama ungefia mu ile barabara, nani angebaki na..." Akajikata. Lakini nilikuwa nimeshasikia. Nani angebaki na watoto.

Ndipo nikamwambia habari ya lori. Nilimwambia yote: mwinuko, magurudumu ya lori la shaba ubavuni mwangu, taa za lile la kontena, kanyagio langu mpaka chini na gari likiguna. Nikamtajia siku. Alihesabu kimya, nikaona anahesabu, siku tatu baada ya fundi kuzungusha nati. Kama nati isingeguswa, gari lingenitoa pale kwa sekunde mbili, kama lilivyonitoa miaka yote. Wao walilifunga mdomo bila kunionya, nikalitegemea, nikaingia upande wa pili.

Sasa ndipo alipokaa. Alikaa sakafuni, mkoba bado begani. Alilia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu baba yake azikwe. Nilisimama juu yake. Mikono yangu ilitaka kumwinua, maana ni mtoto wangu, na mimi nikaizuia. Sioni fahari kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimechinjwa na yule niliyemtegemea, na sikuwa tayari kumbembeleza kwa sababu kisu kimemkata na yeye.

Ijumaa niliikaza mwenyewe. Spana mbili, moja inashika, moja inazungusha, polepole, mpaka kipande cha mstari mwekundu cha kwenye nati kikaungana na cha kwenye chuma. Fundi mwingine, nisiyemjua na asiyenijua, alinibadilishia oili na chujio la bwati. Alisema imeungua kidogo tu, imewahiwa. Nilitoka nje ya mji penye barabara tupu, nikakanyaga mpaka mwisho. Gia ikashuka, injini ikapiga kelele, nikasukumwa kwenye kiti. Nililia nikiendesha. Yule bwana wa harusi nilimpigia simu nisije nikamsumbua bure.

Wiki iliyofuata nikaenda Kambove. Nilipita malori manne njiani na sikusikia hofu. Nilichokuwa nasikia ni njaa ya kusema. Katika familia yote alikuwa amebaki mtu mmoja ambaye hakukaa sebuleni ile Jumapili, na nilikuwa namwendea.

Nilimkuta barazani anachambua maharagwe kwenye ungo. Alipoliona gari alisimamisha mikono. Nilimkumbatia, nikakaa miguuni pake, nikaanza. Nilimwambia yote bila kupumzika, kama mtoto anayekuja kushtaki. Fundi, verni, mguu, ukuta, mkutano wa kwaya. Nilitegemea awalaani pamoja nami. Yaya ana ulimi mkali kuliko wangu.

Aliendelea kutoa vijiwe kwenye maharagwe.

"Usibagombeze sana bana," akasema mwishoni. "Mi njo nilibatuma."

"Ulibatuma nini?"

"Nilimuita binti yako ku telefone. Nikamuambia batafute namna usikuye tena na hii mutuka. Mambo ya nati sikujua. Lakini mi njo nilianza."

Nilimtazama. Hakuwa anatania.

"Kila siku yenye kukuya kwako, mudogo yangu, nashika telefone tangu asubui. Ukifika, namushukuru Mungu. Ukitoka, naanza upya. Sili. Sukari inapanda. Unakuya kuniuguza, na unaniachia ugonjwa ingine."

"Ju ya nini haukuniambia mimi?"

"Ungekubali?"

Nisingekubali. Sote wawili tulijua. Ningemwambia aache woga wa wazee, ningecheka, na Ijumaa ya pili ningekuja tena nikipiga honi getini. Lakini ningekuwa nimekataa mimi, kwa mdomo wangu, nikijua ninachokataa. Hata hilo walinichukulia. Nami nilikuwa nimeshindana na gari, na fundi, na damu yangu mwenyewe, niweze kumfikia mtu ambaye alikuwa anaomba nisifike.

Nilimwogesha. Nilipika yale maharagwe. Tulikula bila kugombana juu ya chochote, hata juu ya chungu cha mama yetu. Nilipoondoka alisema kama anavyosema siku zote, "Ukifika, unipigie."

"Leo usishike telefone," nikamjibu. "Sitapiga."

Nilifika Lubumbashi jua likiwa bado juu. Nikaweka simu mezani, karibu na cherehani, nikaanza kupindisha pindo la sketi ya mtu. Iliita. Nikaliona jina lake, nikaendelea kushona. Iliita tena, ndefu. Ikaita mara ya tatu, na nilikuwa najua jinsi alivyokaa, ameiegemeza simu sikioni kwa mikono miwili, sukari inapanda. Nilijua vizuri ninachomfanyia.

Ya nne niliipokea. Sikusema neno, naye hakusema. Nilimsikia anapumua, bila shaka na yeye alinisikia. Kisha akakata.